Mahojiano ya Arobaini na Moja

Kwa miaka ishirini na mbili Profesa Kasimiri Nandonde alikuwa mtu pekee katika idara yake aliyeweza kusoma gazeti la Kikorea, na kwa miaka kumi na mitano ya mwanzo hakuna aliyemwomba amsomee. Wenzake walibobea katika kodi, maji, elimu, serikali za mitaa. Yeye alibobea katika utawala wa Korea. Wanafunzi walimwita Mkorea, kwanza kwa dhihaka, baadaye kwa mazoea, mpaka wakaja wengine waliodhani ndilo jina lake la ukoo.

Alizaliwa Ndanda, mtoto wa seremala wa misheni. Mwaka 1995, akiwa na miaka thelathini na miwili, alipata ufadhili wa kwenda Seoul kusomea sera za umma. Aliondoka akijua ni miaka miwili, akakaa sita. Lugha ilimtesa, baridi ilimtesa zaidi, lakini alivumilia, na mwisho akaandika tasnifu ya udaktari juu ya jinsi serikali ya huko ilivyovibadilisha vijiji katika miaka ya sabini. Kila kijiji kilipewa saruji, mifuko zaidi ya mia tatu, kikaambiwa kijijengee chenyewe. Vilivyofanya vizuri vikaongezewa, vilivyozembea vikaachwa. Watu wakapanua njia, wakajenga madaraja, wakang'oa mapaa ya nyasi wakaweka vigae.

Sura ya nne ya tasnifu ndiyo iliyompa jina. Ilieleza jinsi wanavijiji walivyotoa vipande vya mashamba yao ili barabara ipite, bila fidia, kwa hiari yao. Aliijenga juu ya mahojiano arobaini aliyofanya mwenyewe, kijiji kwa kijiji, akitumia Kikorea chake kilichokuwa bado kinachechemea. Aliyeisoma alitoka na picha ya watu waliokubaliana.

Aliporudi Dar es Salaam hakuna aliyejali. Alifundisha kozi moja ya utawala linganishi kwenye ukumbi wenye viti vilivyovunjika, akasahihisha mitihani, akangoja. Mkewe, Herieth, aliyekuwa akifundisha sekondari, ndiye aliyeendesha nyumba na kumlea binti yao Noela katika miaka ile. Hakulalamika. Siku nyingine tu, akimwona mumewe amekaa na kamusi yake kubwa, alikuwa akimuuliza, "Baba Noela, hao Wakorea wameshasema lini watakuja kukuchukua?" Naye alicheka, ingawa lilimchoma.

Kisha mambo yakageuka. Tamthilia za Kikorea zikaingia katika kila nyumba, wasichana wakaanza kusalimiana kwa Kikorea korido nzima, na baada ya wasichana wakafuata wakubwa. Kila semina ilitaka mtu wa kueleza ile nchi ilitokaje kwenye njaa ikafika ilipofika. Kasimiri akaitwa kwenye hoteli za ufukweni Kunduchi kuzungumza mbele ya makatibu na wakurugenzi. Akanunua suti ya pili. Mwaka 2019 akapewa uprofesa kamili, na mwaka uliofuata wakahamia kwenye nyumba yao wenyewe huko Chamazi, mtaa unaoitwa Kwa Mshale, ambako mchanga ulikuwa mwekundu na maji ya mvua hayakujua pa kwenda.

Siku mbili tatu baada ya kuhamia, Herieth alimtuma dukani kununua kiberiti. Duka lenyewe lilikuwa la Bi Jokha.

Bi Jokha alikuwa mwanamke wa miaka sabini na minne, mrefu, mkavu, mwenye macho ya kahawia yasiyokosa kitu. Wazazi wake walitoka Uarabuni wakafungua duka Kilwa, naye aliolewa Dar na Abdulsamad, ambaye alikuwa wa kwanza kujenga pale Kwa Mshale wakati mtaa mzima ulikuwa mikorosho. Abdulsamad alishafariki. Duka lilikuwa limebaki, nyumba na duka chini ya bati moja, na mbele yake kibaraza cha saruji ambako watu walikaa kungoja mvua ipungue. Kiberiti, sukari ya kupima, mafuta ya taa, kanga, betri, dawa ya mbu. Vyote alijua vilipo bila kugeuza shingo.

"Shikamoo, Bi Jokha," Kasimiri alimwambia kila alipopita.

"Marahaba, mwanangu. Profesa wa nini tena wewe? Wamenambia lakini nimesahau."

"Wa Korea, bibi."

"Makubwa. Na huko nako kuna kitu hawajakimaliza kukisoma?"

Akampenda. Jumamosi alikaa kibarazani kwake na gazeti, naye Bi Jokha alimuuliza habari za kule: walikuwa wanakula nini, wanazikana vipi, mjane anarithi nini. Maswali yake yalikuwa bora kuliko ya semina nyingi.

Mwaka 2023 taasisi moja iliyokuwa imeanzishwa karibuni, Wakala wa Mitaa Bora, ilimwomba aandike mwongozo. Aliyekuja kumwomba alikuwa Brightson, mwanafunzi wake wa zamani, kijana aliyekuwa akikaa safu ya mbele na kuandika kila neno. Sasa alikuwa meneja wa miradi, amenenepa kidogo, ana gari lenye nembo.

"Shikamoo, Profesa. Tumeisoma sura yako ya nne," alisema. "Ofisi nzima. Tunataka tuifanye hapa. Saruji tunayo. Tunachokosa ni namna ya kuwashirikisha wananchi."

Mtu aliyengoja zaidi ya miaka ishirini kuulizwa jambo moja, akija kuulizwa, hajibu kwa kifupi. Kasimiri aliandika kurasa sitini kwa miezi miwili. Aliandika jinsi ya kuchagua viongozi wa mtaa, jinsi ya kuitisha mikutano, jinsi ya kuwapongeza waliotangulia ili walio nyuma wapate hamu. Wakala walipouliza waanzie wapi, alisema mwenyewe, waanzie Kwa Mshale. Alitaka kuona kwa macho yake. Alitaka pia, na hili hakumwambia mtu, majirani wamwone.

Saruji ilifika mwezi wa sita, mifuko mia tatu, ikapangwa nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa chini ya turubai. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Kondo, alihutubia kwa furaha ya kweli. Mtaa ungepata barabara pana na mtaro. Kila nyumba iliyopakana na njia ingetoa mita mbili, na mwenye nyumba angesaini fomu ya ridhaa. Fidia haikuwepo, kwa sababu barabara ni ya wote. Watu walipiga makofi. Siku ile ile nyumba kumi na tisa zilisaini, na ya kwanza ilikuwa ya Profesa.

Nyumba yake ilikuwa imejengwa ndani sana ya kiwanja. Mita mbili kwake zilikuwa maua na kipande cha ukuta. Kwa Bi Jokha mita mbili zilikuwa kibaraza chote na mlango wa duka.

"Anayetaka kujitolea ajitolee," Bi Jokha alimwambia Mzee Kondo, na kila aliyekuwepo alisikia. "Mie nimekaa hapa miaka arobaini na moja. Hii njia ilipita hapa kwa sababu duka lilikuwa hapa. Sitoi."

Wiki ya pili ofisi ya mtaa ikaweka ubao. Majina ya waliosaini yaliandikwa kwa rangi ya kijani, na gari la matangazo likapita asubuhi likiyasoma, kila jina na pongezi zake. Ilikuwa kama sherehe. Watu walitoka milangoni kusikia wakitajwa. Wiki ya tatu ubao ukaongezwa upande wa pili, rangi nyekundu, majina tisa ya ambao bado. Gari likayasoma na hayo, bila pongezi. Wiki ya nne yakawa matatu. Wiki ya tano likabaki moja.

Asubuhi hiyo Kasimiri alikuwa akinyoa ndevu. Spika ilikaribia, ikasema, "Nyumba ambayo bado inachelewesha maendeleo ya mtaa wetu ni ya Jokha Said," ikaenda, ikarudi, ikasema tena. Alijiosha povu bila kumaliza, akatoka, akapanda pikipiki mpaka ofisi ya mradi.

"Uondoe ule ubao, Brightson," alisema kabla hajakaa.

Brightson alimtazama kwa mshangao ambao haukuwa wa kuigiza. "Ubao gani, Profesa?"

"Ule wa majina mekundu. Na gari."

"Lakini Profesa." Alivuta mwongozo kutoka kwenye mrundo, akafungua, akamgeuzia. "Ukurasa wa thelathini na nane. Orodha ya maendeleo iwekwe hadharani na itangazwe kwa sauti. Sisi hatujaongeza kitu."

Ilikuwa kweli. Aliandika waliotangulia watangazwe. Hakuandika waliobaki wasitangazwe.

Alirudi nyumbani kwa miguu nusu ya njia. Kichwani alikuwa na jambo ambalo hakuwa amelisema kwa mtu yeyote.

Yalikuwepo mahojiano ya arobaini na moja. Aliyafanya kiangazi cha mwaka 1999, kwenye kijiji kimoja cha kusini-magharibi mwa Korea, na bibi wa ukoo wa Oh, ambaye aliendelea kumenya vitunguu saumu muda wote alipokuwa akizungumza. Katika miaka ya sabini mume wake alikataa kutoa ukanda wa shamba lake la mpunga. Kila asubuhi spika ya kijiji, iliyofungwa kwenye nguzo, ilisoma majina ya waliotoa, kisha ya ambao bado, mpaka likabaki la mumewe. Siku moja walitoka shambani wakakuta vijana wamezoa nyasi za paa lao, kwa madai kwamba nyumba yao inakiaibisha kijiji mbele ya wakaguzi. Msimu wa kupandikiza mpunga ulipofika, hakuna aliyekuja kuwasaidia. Mumewe akasaini. Vuli ile akanywa dawa ya kuulia wadudu.

Bibi yule alisimulia bila machozi. Alipomaliza aliuliza kama Afrika kuna vitunguu saumu.

Kasimiri aliandika kurasa saba. Aliziweka kwenye rasimu ya sura ya nne, na msimamizi wake akaandika pembeni kwa penseli: je, huyu anawakilisha wengine? Hakumwambia aziondoe. Kasimiri aliziondoa mwenyewe, kwa sababu sura ilisomeka vizuri zaidi bila yake, na alikuwa amechoka, na mke wake alikuwa amemngoja miaka sita.

Sasa alimsimulia Herieth, mezani, chai ikiwa imepoa. Herieth alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulijua," alisema.

"Nilijua mtu mmoja."

"Baba Noela, mie nakuuliza ulijua au hukujua."

Herieth akaondoa vikombe. Kabla ya kuingia jikoni alisema, "Nenda kwa Bi Jokha. Leo."

Alikwenda saa kumi jioni. Kibarazani hapakuwa na mtu. Hilo peke yake lilimshtua, maana saa kama zile palikuwa pamejaa. Watu walikuwa wakipita mbele ya duka wakiwa na mifuko ya plastiki yenye sukari waliyoinunua mtaa wa pili. Bi Jokha alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, mikono mapajani.

"Shikamoo, Bi Jokha."

"Marahaba." Hakusema mwanangu. "Siku ya nne leo, hajaingia mtu. Jirani yangu Jenipher, yule niliyemkopesha maziwa ya watoto wake, kapita hapo akageuza uso. Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu."

"Basi niambie wewe uliyesoma. Huko Korea, wale waliokataa, walifanywaje?"

Hili ndilo swali lililompeleka pale. Alikuwa na jibu mdomoni, kurasa saba zake, spika, paa, dawa. Alimtazama yule mama mzee peke yake nyuma ya vipimo vyake, akaona kwamba akimwambia atamtisha, na asipomwambia atamdanganya. Akajiambia pia kwamba barabara ni kitu kizuri. Akajiambia kwamba Bi Jokha akisaini kelele zitaisha, watu watarudi, na labda hilo ndilo analolihitaji zaidi. Yote haya yalipita kwa muda wa pumzi mbili.

"Wengi walikubali mwisho," alisema. "Na maisha yakaendelea."

Bi Jokha aliegemea kaunta.

"Wewe ungekuwa mie, ungesaini?"

"Ningesaini, bibi."

"Haya," alisema. "Kama ni wewe umesema."

Fomu Kasimiri alikuwa nayo mfukoni. Alikuwa ameichukua ofisini kwa Brightson asubuhi ile, bila kujua kwa nini, au kwa kujua. Bi Jokha alisaini kwa herufi za Kiarabu, taratibu, kisha akamrudishia kalamu.

Katapila lilikuja Jumatatu. Mita mbili zilipimwa kwa kamba na kupigwa rangi, lakini ukuta wa Bi Jokha ulikuwa wa matofali ya udongo yaliyopigwa lipu tu kwa nje, na kibaraza kilipovutwa ukuta ulifuata, na ukuta ulipofuata bati la mbele likashuka. Katika robo saa duka lilikuwa wazi kama mdomo. Vijana wa mradi walisaidia kutoa vitu, kwa heshima kabisa, wakavipanga barabarani: makopo, kanga, mizani. Dereva wa katapila alishuka akaomba radhi. Bi Jokha alikuwa amekaa kwenye kiti alichowekewa ng'ambo, ameshika redio ya marehemu mumewe.

Binti yake, Reem, alikuja na gari jioni hiyo akamchukua kwenda kwake Segerea.

Mtaro ulichimbwa. Barabara ilimwagwa kifusi nusu ya urefu wake. Kisha fedha za awamu ya kwanza zikaisha, Wakala wakahamisha mitambo kwenye mtaa mwingine uliokuwa unangoja, na Brightson akaahidi awamu ya pili. Mvua za vuli zikaja, maji yakajaa kwenye mtaro usiokuwa na mwisho, yakarudi nyuma yakaingia katika nyumba ambazo hayakuwahi kuingia. Saruji iliyobaki iliganda chini ya turubai. Hakuna aliyemtaja Bi Jokha. Watu wa Kwa Mshale hawakuwa wabaya. Walimsahau tu kwa bidii, kama mtu anavyosahau jambo lililomwaibisha.

Januari palikuwa na kongamano kubwa la kuutangaza mwongozo katika mitaa mingine ishirini. Kasimiri alipangiwa kuzungumza kwanza. Alipanda jukwaani na suti yake ya pili, akaweka kando hotuba iliyochapwa, akasoma kurasa saba. Alizitafsiri papo hapo kutoka kwenye daftari la zamani, kwa hiyo zilitoka kwa kigugumizi, na mara mbili ilimbidi arudi nyuma. Alisema aliziondoa mwenyewe. Alisema pia jina la Bi Jokha, na alichomwambia, na kwamba fomu ilitoka mfukoni mwake.

Mwenyekiti wa kikao alishukuru kwa ushuhuda uliogusa mioyo. Mzee mmoja kutoka wizarani aliuliza kama ni busara kuacha sera inayonufaisha maelfu kwa sababu ya kisa cha mtu mmoja, tena wa zamani, tena wa nje.

"Ni wawili," Kasimiri alisema. "Na hao ni wale tu ninaowajua. Mimi nilikuwa mtu wa kuuliza, na nikaacha kuuliza."

Wakati wa chai Brightson alimvuta pembeni. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli.

"Profesa, wewe ndiye ulinifundisha kwamba nchi haijengwi na mtu anayengoja wote wakubali. Nilikuwa mwaka wa pili. Niliandika hiyo sentensi."

"Najua."

"Sasa nikuamini lini? Wakati ule au leo?"

"Leo," alisema Kasimiri. Lakini alisikia mwenyewe jinsi lilivyotoka jepesi, neno la mtu ambaye hana tena cha kupoteza, mbele ya kijana ambaye kazi yake yote ilisimama juu ya lile la zamani.

Aliwaandikia Wakala barua kuomba yaliyotokana na sura ya nne yafutwe, na jina lake liondolewe kwenye mwongozo. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, la adabu. Chapa mpya ya mwongozo ilipotoka aliipata kwa mwenzake mmoja. Jina lake lilikuwa limeondolewa. Kila kitu kingine kilikuwa palepale, ukurasa wa thelathini na nane ukiwa wa thelathini na saba.

Idarani hakuna aliyemfokea. Mialiko ilikoma, ndivyo tu. Kozi yake ilipewa mhadhiri kijana aliyetoka kusoma huko karibuni, msomi mzuri, aliyekuja ofisini kumwomba vitabu. Kasimiri alimpa vyote pamoja na kamusi. Akaomba kustaafu kabla ya wakati.

Mwezi wa tatu alikwenda Segerea. Reem alimkaribisha sebuleni bila kutabasamu. Bi Jokha alikuwa kitandani. Hakuwa mgonjwa wa kitu chenye jina, binti alisema. Alikuwa ameacha kutaka kuinuka.

Kasimiri alimwamkia. Akaitikia. Naye akavuta stuli akakaa, akamweleza habari za bibi wa Oh, zote, kama alivyopaswa kumweleza siku ile. Ilichukua muda. Nje watoto wa jirani walikuwa wakicheza mdako. Bi Jokha alisikiliza huku macho yake yakiwa kwenye dari.

"Alikunywa dawa," alisema mwishoni.

"Ndiyo, bibi."

"Maskini. Ungenambia ningekataa. Wangevunja hivyohivyo, labda. Lakini ningekuwa nimekataa." Akageuka upande wa ukuta. "Wewe ulinichukulia hata hilo."

Kasimiri alikaa kidogo, kisha akaona kwamba kukaa kwake pale kulikuwa ni kutaka kitu kwake tena. Akaaga. Bi Jokha alifariki kabla ya Ramadhani kwisha. Reem hakumtaarifu. Alisikia kwa Mzee Kondo, siku tano baada ya mazishi.

Baada ya hapo alianza kwenda kwenye mikutano. Kila mtaa kati ya ile ishirini ulipoitisha mkutano wa ridhaa, alikwenda, akakaa nyuma, na ulipofika wakati wa maswali alisimama akasema kwamba fomu ile si lazima, kwamba mtu anaweza kukataa na sheria inamlinda, na akaeleza yaliyotokea Kwa Mshale. Baadhi ya mitaa walimnyang'anya kipaza sauti. Mingine walimsikiliza, wakasaini. Herieth alimuuliza mara moja kama kuna mtaa wowote uliokataa. Alisema hapana. Herieth hakuuliza tena. Kila alipokuwa akitoka, alimfungashia chupa ya maji.

Mkutano wa Kunduchi ulikuwa asubuhi, karibu na pale samaki wanaposhushwa, ambako barabara ingepita juu ya vibanda vya akina mama wanaokaanga. Kasimiri alisema maneno yake. Jua lilikuwa kali na afisa wa mradi, msichana mpole aliyeitwa Hope, alimwacha amalize. Kisha foleni ikaanza mbele ya meza.

Mwanamke mmoja wa makamo, aliyejifunga kanga kiunoni juu ya gauni lenye magamba ya samaki, alitoka kwenye foleni akamfuata.

"Shikamoo, mzee. Mie Chausiku. Nimekusikia."

"Marahaba. Basi usisaini, mama."

"Nikikataa mie peke yangu itakuwaje?"

Alifikiria. Safari hii hakutaka kusema kitu ambacho hakukijua.

"Watasoma jina lako kwa spika," alisema. "Watu wataacha kununua kwako. Wataacha kukusalimia. Na barabara huenda ikapita tu."

"Na nikisaini?"

"Utapoteza kibanda."

Chausiku aliitazama foleni. Wanawake wale aliwajua wote, wengine tangu utotoni, na walikuwa wakimwangalia. "Kibanda nitajenga kingine mbele huko," alisema. "Hawa siwezi kujenga wengine. We mzee utaondoka saa hizi, mie nabaki nao." Hakusema kwa ubaya.

"Ni kweli."

"Sasa nisaidie. Miwani nimeacha nyumbani, na yule dada pale anaandika majina ya watu ovyo." Akampa fomu, na kalamu iliyokuwa na mafuta ya samaki.

Kasimiri aliishika fomu. Aliifahamu kila mstari, maana maneno mengi yalikuwa yake. Akamsomea yote kwa sauti, polepole, hata yale madogo ya chini, na alipomaliza akamuuliza kama ameelewa. Chausiku akasema ameelewa. Kasimiri akaweka karatasi juu ya goti, akaandika jina la Chausiku, akauliza na la baba yake, akaliandika pia.